Gazeti la Kupangusia Vioo

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa maji. Mzee Ramazani, mkuu wa wasafishaji katika jengo la maofisi ya mgodi hapa Lubumbashi, alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanipa rundo la magazeti ya zamani.

"Weye ulisoma," akasema. "Foto ya Rais naona mwenyewe. Jina yake njo siwezi kuona. Kila fasi iko jina yake, toa, weka kando. Yenye kubakia tutapanguzia viyoo."

Nilikuwa nimetoka Mitwaba na miaka sita ya shule ya mapadri, nikaona nimedharauliwa. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Ninyi vijana mna dawa za kupuliza. Sisi kioo tulikiosha kwa maji na siki, tukakivuta kwa rakleti, ule mpini wenye ukingo wa mpira, kisha tukakikausha kwa gazeti lililofinyangwa. Kitambaa huacha nyuzi, gazeti haliachi kitu. Sakafu nyekundu za simenti tulizipaka nta, tukazisugua kwa brashi iliyofungwa mguuni mpaka kiuno kiseme basi. Ramazani alikuwa mtu wa mtaa wa Kamalondo, wazee wake walitoka Maniema. Kusoma hakujua, lakini akiinamisha kichwa dirishani aliona alama ya kidole ambayo mimi sikuiona, na alinirudisha juu ya ngazi bila huruma.

Baada ya miaka kadhaa tuliacha kazi ya mgodi, tukaanzisha yetu. Ngazi moja, ndoo nne, baiskeli. Yeye alikuwa na mkono, mimi nilikuwa na maandishi. Tulianza na duka la dawa, kisha tukapata jengo la ghorofa mbili la idara fulani, ambalo mkubwa wake tulimwita Sitwayeni Direkta, maana siku hizo kila mtu alikuwa sitwayeni, yaani raia, mwenye cheo na asiye nacho.

Asubuhi moja nilikuwa na haraka ya kwenda kumwomba Direkta atuongezee ghorofa ya juu. Ramazani akaniuliza kuhusu magazeti. Nilikuwa sijafungua hata moja.

"Iko safi, baba," nikamwambia.

Saa nne Direkta alitoka chooni ameshika karatasi iliyolowa kwa ncha za vidole. Nyuma yake alisimama mtu wa chama. Ilikuwa hotuba ya Rais, imetumika kukaushia kioo cha chooni.

"Nani alileta hii?"

Mke wangu alikuwa amejifungua wiki ileile. Nasema hivyo, lakini hata asingejifungua ningejibu vilevile, kwa sababu niliogopa.

"Mi sijue, Sitwayeni Direkta."

Ramazani alinitazama kidogo. Akaweka ndoo chini. "Njo mi. Nilikamata mwenyewe, sikuuliza muntu."

Wakamchukua. Mimi nikabaki na jengo, na ghorofa ya juu nikapewa. Kwa miezi minne nilimpelekea mkewe unga, na kila nilipofika alinishukuru, nami nikaona haya mpaka nikawa namwachia jirani.

Aliporudi, bega moja lilikuwa limeshuka. Nilingoja matusi. Alikuja kazini asubuhi, akakaa juu ya ndoo, akachukua gazeti kwenye rundo, akaninyooshea.

"Nisomee."

Nilisoma yote, hata matangazo ya vifo. Nilipomaliza akaniuliza, "Na ile ya siku ile, mutoto yangu? Ilikuwa inasema nini?"

Miezi minne amekaa ndani kwa ajili ya maneno asiyoyajua.

"Sikuisoma, baba."

"Minajua," akasema. Akachukua siki, akapanda ngazi kwa mkono mmoja.

Hakupanda siku nyingi baada ya hapo. Tulimzika Kamalondo, mimi Mkatoliki nikasimama nyuma kabisa ya safu za swala, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nalia kuliko wanawe.

Nimestaafu sasa, kazi wanaendesha wanangu. Wakiniuliza siri yake nawafundisha siki, nta na rakleti. Nyumbani bado nasoma gazeti lote, mbele na nyuma, kabla ya kulichana kwa ajili ya vioo. Mke wangu hudhani napenda habari.