Nilivyokiua Kisu cha Maman Neema

Enzi zetu pale Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, kila mtoto alikuwa bingwa wa kitu fulani. Kuna aliyeruka kamba mpaka adhana ya alasiri bila kukosea, na kuna aliyejaza sambaza kumi za kukaanga, wale dagaa wa ziwani kwetu, mdomoni kwa mara moja. Mimi, binti wa mnoa visu, nilikuwa bingwa wa bei. Hakuna aliyeniteua. Nilijiteua mwenyewe, nikiwa na miaka kumi.

Vita vilikuwa vimehamia ng'ambo, Kongo, na watu walirudi kwa daraja la Rusizi na vitu vinavyoenea kwenye kitambaa kimoja. Humo hazikukosekana kanifu, vile visu vya kukunja vya wakati wa wakoloni, vyenye mpini wa pembe na chapa ya kiwanda kwenye chuma kilichogeuka cheusi. Aliyekwama alimletea Papa, baba yangu, kwa sababu kila wiki alifika kibandani petu mnunuzi kutoka Bukavu, akivitafutia wazungu wanaokusanya vitu vya kale. Tulimwita Papa Lupe kwa ajili ya kioo chake cha kukuzia, kinachoitwa lupe kwa Kifaransa. Alikitazama kisu, akakinusa, akakifunga karibu na sikio, tak!, ndipo akataja bei.

Nikaiga yote. Nilikipima kisu kiganjani, nikafumba macho kama mganga, nikatangaza. Siku moja nilitaja bei ileile ya Papa Lupe, na tangu hapo sikushikika. Hata nikitumwa chumvi dukani nilirudi na hotuba kwamba tumepunjwa.

"Wewe mutoto," Maman alisema, "mudomo yako iko mukubwa kupita akili."

Ndipo akaja Maman Neema, jirani yetu, mjane aliyerudi kutoka Uvira. Nyumba yake ilivuja na alitaka mabati, akaamua kuuza kanifu ya marehemu mumewe. Ilikuwa Ijumaa, Papa yuko msikitini, kibandani niko peke yangu.

"Uniangalilie bei, mwana wangu."

Nikakipima. Tak! "Maman, hii iko buchafu. Nikiisafisha, bei itapanda mara mbili."

Akaniamini, akaniachia kisu. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba mtu mzima aliniamini.

Nilichukua msasa wa Papa nikasugua mpaka vidole vikawaka. Weusi ukatoka. Chapa ikatoka. Kwenye mpini palikuwa na mikwaruzo-mikwaruzo, nayo nikaimaliza. Nikapaka mafuta ya kupikia, kikang'aa kama kijiko cha harusi.

Papa Lupe alipokuja, Maman Neema akiwa amekaa kwenye benchi akisubiri, alikitazama, akapangusa kioo chake, akatazama tena.

"Nani aliua hii kisu?"

Nikanyoosha mkono kwa fahari, nikidhani ni sifa.

Akanieleza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. Ule weusi ndio ulioonyesha umri wa kisu, na chapa ndiyo iliyoonyesha kilikotoka. Sasa kilikuwa chuma cha kukatia vitunguu, na bei yake ni ya chai na mandazi.

Maman Neema hakuwa anasikiliza bei. Alikuwa akiugeuzageuza mpini.

"Jina yake iko wapi?"

Mumewe alikuwa ameliandika pale kwa msumari. Gurudumu la kunolea la Papa, aliyekuwa akinoa kando yetu, likasimama.

"Nilisugua," nikasema, na sauti yangu ya kutangazia bei sikuiona tena.

Maman Neema akajifunika mdomo kwa kitenge. Papa hakunipiga. Alinipa msumari.

"Uandike. Na uandike muzuri."

Jina lilikuwa Bahati. Machozi yakiniziba macho, nikaandika BAHTI. Ikabidi niichomeke A ndogo kwa juu, kama kuku aliyepanda paa. Maman Neema aliangalia kwa muda mrefu, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia.

"Ata yeye mwenyewe alikuwa anairukaka ile A."

Akakifunga kisu kwenye kitambaa, hakukiuza tena. Papa akapanda juu ya kibanda chetu, akang'oa mabati mawili akampelekea. Msimu wote ule alinoa visu mvuani, na mimi nilisimama nyuma yake nimeshika mwavuli, bingwa mzima.

Siku hizi wapwa wangu wakiona kisu cha kale wanakipiga picha, na kabla sijafumba macho simu imeshawapa bei. Nikianza kukipima kiganjani wanacheka: "Tantine, achaka, simu inajua." Ni kweli, inajua. Ikikosea, wanafuta na kuuliza upya, hakuna aliyeumia. Sisi tulipokosea bei, mwenye kisu alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, na kesho yake asubuhi ndiye tuliyemsalimia wa kwanza.