Bolti Mbili za Aboud

Mume wangu Aboud kazi yake ni kutengeneza cherehani. Hashoni, msije mkamletea kitambaa cha kanzu. Yeye hufungua mashine iliyogoma, akaisafisha, akaifunga, ikafanya kazi. Hapa Kibarani nyumba nyingi zenye cherehani zinamjua. Ana vidole vyembamba na subira ya kuudhi, na kwa miaka ishirini na miwili niliyokaa naye sijamwona akishindwa na skurubu. Ndiyo maana breki ya gari letu ilipoanza kukwaruza hakutaka kusikia habari ya gereji.

"Bolti ni skurubu iliyonenepa tu," aliniambia. Nami, mjinga, nikacheka.

Jumamosi ile, baada ya sala ya alfajiri, alilipandisha gari kwenye jeki mbele ya mlango wetu akatoa gurudumu la mbele la kulia. Alitaka kubadilisha pedi za breki ili kesho yake tumpeleke mama yake Malindi, akamtazame dada yake, Bi Hindu, aliyekuwa mgonjwa. Mama, yaani Bi Ummulkheir, tunakaa naye. Alivunjika nyonga mwaka juzi, na tangu hapo matatu hapandi. Haendi popote ila kwa gari, akijinyoosha kwenye kiti kizima cha nyuma.

Chuma kinachobana pedi kimeshikwa na bolti mbili. Zote mbili zilikataa. Aboud akazitia mafuta ya cherehani, tone kwa tone, akangoja, akazigonga kwa nyundo taratibu kana kwamba anabisha hodi. Zikakataa.

Saa moja na nusu simu ikalia. Alikuwa Zayd, mtoto wa Bi Hindu. Mama yake amefariki alfajiri, maziko ni baada ya adhuhuri.

Mama alilia, kisha akajifuta uso akaniambia nimletee buibui lake. "Nitamuosha mimi," alisema. "Tuliahidiana tuko Faza, tungali wasichana. Atakayetangulia, mwenziwe atamuosha. Mwambieni Zayd wasimguse mpaka nifike."

Zayd alikubali. Kuosha kungeanza saa tano, na kutoka kwetu hadi Malindi ni mwendo wa saa nzima na zaidi. Muda ulikuwepo. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma, muda ulikuwepo.

"Rudisha gurudumu, mwanangu, twende hivyo hivyo," Mama alimwambia.

"Siwezi kukupakia kwenye breki mbovu, Mama. Nusu saa tu, nimemaliza."

Jirani yetu Shoeb, mwenye duka la misumari na rangi, alikuja kutupa pole. Alichutama kando ya gari, akapitisha kidole kwenye bolti, kikatoka chekundu kwa kutu.

"Bwana Aboud, gari hili unaliosha kwa maji gani?"

"Ya kisima."

"Kisima hiki hiki?"

Shoeb akanitazama mimi, nami nikatazama chini. Kisima chetu tunakijua sote. Maji yake ni ya chumvi, hayanyweki, chai yake haina ladha, na sabuni haitoi povu. Na kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini Aboud huliosha gari kwa maji hayo, ndoo sita, mbili ni za magurudumu peke yake, kwa sababu bwana huyu hawezi kuona vumbi. Miaka saba. Hakuna gari safi kama lake mtaani, na muda wote huo alikuwa akililisha chumvi kwa mkono wake mwenyewe.

"Chukueni langu," Shoeb alisema, akanyoosha ufunguo. "Mimi nakwenda Mombasa, lakini nitapanda matatu, hapana neno."

"Ahsante, bwana. Bado kidogo tu. Inakaribia."

Haikuwa inakaribia popote. Shoeb alingoja kidogo, akarudisha ufunguo mfukoni, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na sikusema kitu, nisijifanye malaika.

Saa nne kasorobo Zayd akapiga. "Mko wapi, kaka?"

Aboud alikuwa na spana mkononi. "Tuko njiani," alijibu.

Sisi husema tuko njiani na nguo bado ziko kwenye kamba. Kwetu huo si uongo, ni adabu. Lakini siku hiyo kule Malindi watu walikuwa wamesimama na maji wakitusubiri.

Akatafuta bomba la chuma, akalichomeka kwenye mkia wa spana ili apate nguvu, akalilalia kwa uzito wake wote. Ikalia tak! Alitabasamu. Kisha akaona kichwa cha bolti kimebaki ndani ya spana, na kiwiliwili kimebaki kwenye gari. Akahamia bolti ya pili; spana ikateleza, ikateleza tena, mpaka pembe zote zikalika na kichwa kikawa duara. Sasa hata kulirudisha gari lilivyokuwa haikuwezekana.

Alikaa mchangani, mikono imejaa kutu. "Nifanye nini, Ruqaiya?"

Hajawahi kuniuliza swali hilo. Nilikuwa na majibu tele, yote makali. Nilimwonea huruma, na hasira zangu hazikupungua hata chembe.

Nilipiga simu za teksi mimi. Wa kwanza alikuwa Watamu, wa pili hakupokea, wa tatu alifika saa sita kasoro. Zayd alikuwa amepiga mara mbili zaidi, na mara mbili ameambiwa tuko njiani.

Tulipokata kona ya mtaa wa Bi Hindu, dereva alisimama kupisha. Jeneza lilikuwa linatoka. Aboud alifungua mlango akakimbia kutia bega. Mama alitoa mkono dirishani, na jeneza likapita upande wa pili wa njia.

Ndani, wanawake walimketisha kwenye mkeka. Maziko yalipokwisha, mkubwa wao hakuficha hasira. "Tumekungoja, Bi Ummulkheir, mpaka wanaume wakatugombeza. Kila tukipiga twaambiwa mko njiani. Mlikwama wapi na nyumba ina msiba?"

Mimi nilikuwa tayari kusema. Mama akanishika goti.

"Ni mimi," alisema. "Nilijinyoosha kidogo, usingizi ukanichukua. Mwanangu aliniamsha mpaka akachoka."

Nilimwona mmoja akimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyelala siku ya kufa ndugu yake, naye akalikubali jicho lile, akainamisha kichwa.

Aboud alikuwa amerudi kutoka makaburini. Alisimama nje ya mlango, na alisikia kila neno.