Kinue Oikawa na Kifuniko cha Bakuli

Kwa miaka thelathini na moja Kinue Oikawa aliendesha maisha yake kwa kutowasikiliza watu waliosema wameshiba. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na hapa Morioka hakuna aliyeifanya vizuri kumshinda.

Ukumbi wa chakula alikofanyia kazi uko karibu na mto, ghorofa ya pili, na wageni hupanda ngazi wakicheka. Mgeni hukaa na bakuli moja mbele yake. Mhudumu husimama ubavuni na sinia la vibakuli, kila kimoja kina tambi za soba za kutosha tonge moja, na mgeni akimeza tu anamwagiwa nyingine. Njia ya kukataa ni moja: amalize kilichomo, kisha afunike bakuli lake kwa kifuniko kabla mhudumu hajamwaga tena. Kusema hakusaidii. Kusihi hakusaidii. Kufunika nako kunataka wepesi, kwa sababu mhudumu mzuri anakuwahi.

"Mdomo unasema lolote," aliniambia siku moja. "Mimi natazama mkono."

Mkono ukienda kwenye kifuniko kwa kusitasita, Kinue aliongeza. Ukienda kwa uamuzi, aliongeza pia, lakini mara moja tu, kwa heshima. Aliwahi kumfikisha dereva mmoja wa lori vibakuli mia moja arobaini na viwili, na yule bwana alipopewa kibao cha mbao cha waliovuka mia, alikipokea kwa uso wa mtu anayekabidhiwa habari za msiba.

Mimi ni jirani yake. Nilistaafu kazi kwenye maktaba ya jiji, ambako kwa miaka mingi niliwaomba watu wanyamaze na wakanyamaza, kwa hiyo nilimheshimu mtu ambaye kazi yake ilikuwa na upinzani. Yeye aliniita Mzee wa Maktaba, hasa aliponikuta nasoma huku wali unaungua.

Mumewe alifariki zamani. Mtoto ni mmoja, Shugo, anayekagua lifti huko Yokohama, na kwa miaka kumi na minne amekuja nyumbani mara chache, kila mara akiwa na mkoba mdogo. Majira ya baridi yaliyopita Kinue alipanda paa kuondoa theluji, kama tunavyofanya sote, maana isipoondolewa nyumba inalalamika usiku kucha na milango inakataa kufunguka. Akateleza. Nilipotazama dirishani niliona koleo limesimama peke yake kwenye theluji, nikashangaa ni nani amelisahau. Nilipotoka nikamkuta nyuma ya lundo, amezama hadi kifuani, anatukana polepole ili asiishiwe pumzi. Nyonga iliyoumia ikapona nusu. Ukumbini hakurudi, kwa sababu kazi ile ni ya kusimama.

Kwa hiyo Shugo alipopiga simu mwezi wa kumi na kusema anakuja, atampeleka kwenye maji moto ya Tsunagi walale siku moja, na kwamba kuna jambo wangependa kulizungumza, Kinue hakuhitaji kuelezwa jambo lenyewe. Mkamwana, Mizuho, alikwisha kudokeza: wamehamia kwenye nyumba kubwa zaidi, kuna chumba cha ziada, kinatazama kusini, na Yokohama theluji ni kitu cha kupigia picha.

Wiki ile ile Kinue alikuja kwangu akivuta kigari. Juu yake kulikuwa na pipa lake la mbao la kusindikia figili na jiwe la kukandamizia, jiwe jeusi la mtoni alilorithi kwa mama mkwe pamoja na maagizo mengi.

"Chukua, Mzee wa Maktaba. Linanijazia banda tu."

Nilikataa, bila shaka. Mtaani kwetu hakuna anayepokea kitu mara ya kwanza. Ukiletewa boga unakataa. Ukisisitiziwa unakataa tena, kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu unapokea huku ukilalamika kwamba umeonewa. Anayepokea mara ya kwanza tunamhesabu kuwa ana njaa, au anatoka Tokyo. Nikakataa mara mbili, akasisitiza hadi mara ya tatu, nikalipokea pipa. Mwanamke wa hapa kugawa pipa lake wiki tatu kabla ya msimu wa figili ni sawa na kutundika tangazo la kuhama mlangoni. Sote wawili tuliliona tangazo, tukazungumza habari za mvua.

Shugo alifika mwanzoni mwa Novemba. Mlima Iwate ulikwisha kuvaa nyeupe hadi kiunoni. Walikwenda Tsunagi, wakaoga, na jioni wakaandaliwa chakula chumbani, samaki wa mtoni na uyoga na supu kwenye mabakuli yenye vifuniko. Haya alinisimulia baadaye, bila kuulizwa, akitazama kikombe chake cha chai.

Shugo alisema, "Mama, kuna chumba. Mizuho na mimi tumekubaliana. Njoo ukae nasi."

Kinue akajibu alivyotakiwa kujibu. Alisema atawabana tu, na mzee kama yeye mjini ni wa nini, hata treni za huko hajui kuzipanda.

Shugo akauliza, "Una hakika, Mama?"

"Nina hakika. Na baba yako nani atamwashia ubani?"

Huko kulikuwa kukataa kwa pili, kwa sauti ya chini, na hata hoja yake ilikuwa dhaifu makusudi: madhabahu ndogo ya nyumbani ya marehemu inaingia kwenye sanduku, na ubani unauzwa Yokohama. Alikuwa amemfungulia mlango mwanawe, kilichobaki ni kuusukuma.

Shugo akashusha pumzi. "Basi sawa. Nilimwambia Mizuho kwamba Mama ana maisha yake. Sitakulazimisha."

Kisha akachukua kifuniko cha bakuli lake la supu, akalifunika.

"Alilifunikaje?" nilimwuliza, nikidhani namsaidia. "Mkono, namaanisha. Kwa kusitasita?"

"Haukusita," Kinue alisema.

Nikamwongezea chai.

Kesho yake mchana niliwachukua stesheni ya basi kwa gari langu. Treni ya Shugo ilikuwa saa tisa, na alitaka kwanza kula kwenye ule ukumbi wa mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni. Wakanialika. Nikakataa mara mbili nikaenda.

Mhudumu alikuwa binti mmoja aliyefunzwa na Kinue mwenyewe. Alimwinamia mwalimu wake hadi sinia likayumba, kisha akamgeukia mtoto wa mwalimu bila huruma hata chembe. Shugo alianza vizuri. Kwenye kibakuli cha arobaini akalegeza mkanda. Kwenye cha hamsini akasema inatosha, na binti akasema haya, nyingine, akamwaga. Akasema kweli inatosha. Haya, nyingine. Akainua kifuniko, binti akapitisha tambi chini yake kabla hakijatua, na meza ya jirani wakapiga makofi.

"Huyu hasikii, Mama," Shugo alisema, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Anasikia," Kinue alisema. "Sema tu hakuamini."

Nilimtazama Shugo. Nilitegemea, nakiri, kwamba mtu anayekagua lifti atakuwa na mazoea ya kutambua kitu kilichokwama. Alicheka zaidi, akameza, na kwenye kibakuli cha sitini na tatu akafaulu kufunika. Kinue alikuwa amefunika bakuli lake kwenye cha nane. Binti hakuthubutu kumwongezea mwalimu. Pengine hilo ndilo kosa pekee alilofanya siku ile.

Stesheni tulisimama watatu jukwaani. Zilibaki dakika sita, muda wa kutosha kabisa kuuliza swali moja. Kinue aliweka mikono yote miwili juu ya mkoba wake na kusubiri kama asubirivyo mgeni mwenye bakuli wazi. Mimi ningeweza kusema. Ningeweza kusema, Shugo, mama yako amegawa pipa lake. Nilisema kwamba mwaka huu wanatabiri theluji nyingi.

"Mama, usipande paa," Shugo akasema kwa ukali wa upendo. "Tafuta mtu. Na ukibadili mawazo nipigie simu."

"Haya," Kinue alisema.

Treni ikaondoka kwa wakati, kama kawaida yake. Treni zetu hazina kasoro hiyo ya kuchelewa ambayo katika nchi nyingine huwapa watu nafasi ya pili.

Siku kumi baadaye nilimwona akirudi kutoka dukani na pipa la plastiki, la buluu, la aina wanayofugia samaki. Figili zilikuwa tayari zinaning'inia kwenye upenu wake. Pipa lake la mbao lilikuwa bandani kwangu, tupu. Kumrudishia kungekuwa kumwambia kwamba najua kwa nini alinipa, kwa hiyo sikumrudishia, na nikauita uamuzi huo adabu. Yeye alikuja mwenyewe mlangoni.

"Mzee wa Maktaba, hebu niazime jiwe."

Nikamwazima jiwe lake.

Theluji ya kwanza nzito ilianguka tarehe pili Desemba. Asubuhi nilisikia koleo juu ya paa la jirani. Nikatoka na viatu vya mpira, nikamwita ashuke, nikamwambia nitapanda mimi. Nina miaka sabini na mitatu, na nilisema kwa sababu ndivyo inavyosemwa.

"Hapana," alisema kutoka juu. "Rudi ukasome."

Nikamwambia tena. Akasema hapana, kwa sauti ya chini zaidi.

Ningeweza kuishia hapo bila mtu yeyote kunilaumu. Sijui ni tambi za binti yule au ni zile dakika sita za jukwaani zilizonirudia; nikasema mara ya tatu. Kinue akashuka ngazi papo hapo, akanitia koleo mkononi, akaingia ndani bila hata kulalamika kwamba ameonewa. Nikapanda.

Nilikuwa nimefika katikati ya paa, mgongo ukiniuliza maswali, niliposikia simu ikilia. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi kidogo kutoa mvuke. Alikuwa Shugo. Nilimsikia Kinue akicheka, akisema hajambo kabisa, theluji ni ya kawaida tu, amepata mtu. Akasema achari ya figili mwaka huu imekubali. Kisha akamwambia kwamba wana kazi nyingi, na safari ni ndefu, wasijisumbue kuja mwaka mpya.

Nikasimamisha koleo ili nisikie. Alingoja kidogo, simu sikioni, kama alivyongoja pale jukwaani.

"Haya basi," akasema. "Msalimie Mizuho."