Kiingereza cha Hamisa

Hamisa anafundisha Kiingereza ndani ya saluni yangu hapa Tangini. Wanafunzi wake ni wasichana wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Haanzi na salamu, anaanza na kupigwa: slap ni kofi, punch ni ngumi, push ni kusukuma. Mwenyewe alirudi kutoka huko na sikio moja bovu kwa kofi la mama mwenye nyumba. Alipompigia simu wakala wa huko, asiyejua Kiswahili, akabaki kusema "problem, problem" mpaka simu ikakatwa. Tangu hapo ameapa hakuna mtoto wa mtu atakayeondoka bila maneno hayo. Mawakala hawampendi, eti anawatisha wasichana. Shauri yao.

Kweli wengi wakisikia habari ya lile sikio hunywea. Shamsia hakunywea. Huyu ni binti wa Vihingo, ameolewa mtaa wa Kwa Mathias na fundi pikipiki anaitwa Hashiru, mpole wa maneno, mtaa mzima unamsifu. Siku Hamisa alipoinua mkono kuonyesha kofi, wenzake walicheka, Shamsia alishajikinga uso kwa mikono miwili. Hamisa akashusha mkono. Mie nikaendelea kusuka.

Jumatano Hashiru akaja. Alikuwa amepata habari kwamba mkewe amechukua pasipoti kwa siri. Akatuamkia vizuri, shikamoo kwa Hamisa, shikamoo kwangu, huku kasimama mlangoni kaziba njia. Akamwambia mkewe waende nyumbani.

Shamsia akainuka. Badala ya kutoka akaanza kusema kama anayejibu somo, "He slap me. He punch me here," kashika mbavu. Kwa Kiswahili asingeweza, aibu ingemkaba. Hashiru akatabasamu, akatuuliza huyu anasema nini.

Wallahi nilitaka kumrushia kitana. Hamisa akanizuia kwa jicho.

"Mwambie kwa Kiswahili, mwanangu," akasema. "Wote tusikie."

Shamsia akavuta pumzi. "Unanipiga makofi watoto wakiwa wanakula. Unanipiga ngumi za mbavu kwa sababu hapaonekani. Nilikuwa naondoka kukukimbia wewe."

Hashiru akasema mambo ya ndani hayasemwi mbele za watu, akanyoosha mkono amshike. Hamisa akaingia katikati, na mie na wateja wangu tukasogea. Hashiru akatutazama mmoja mmoja, akaenda kuwasha pikipiki, akaondoka bila kuaga.

Nikashusha pumzi, nikamwambia Shamsia akae apumzike. Hakukaa. Alikuwa anaitazama njia aliyopita mumewe.

"Watoto wako wapi?" Hamisa akamuuliza.

"Nyumbani."

Mlango sikuufunga. Tulitoka mbio kwenda Kwa Mathias, wateja vichwa nusu vimesukwa, na pikipiki yake tulikuwa hatuisikii tena.