Kipimo cha Joto Ndani ya Sufuria ya Samaki

Nianze na upumbavu wangu, mcheke mapema tumalize: nilipika kipimo cha joto cha gari ya Papa ndani ya sufuria ya samaki ya Mama. Nilikipika kabisa, pamoja na nyanya na kitunguu. Hata leo, nikisikia harufu ya samaki wa Kasenga wakichemka juu ya mbabula ya makala, jiko letu la makaa, samaki siwaoni. Naona sindano ikipanda.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Uani kwetu, mtaa wa Bel-Air, kulikaa gari ya Papa, 404 ya bluu iliyofifia, urithi wa babu aliyezeekea kwenye kazi ya reli. Papa aliiosha vizuri kuliko alivyotuosha sisi watoto. Lakini vipimo vyake vilikuwa vimekufa vyote; ukitaka kujua joto la injini, ulingoja moshi. Na moshi ulikuja, kwenye barabara ya Kasenga, Mama akiwa ndani na mabeseni yake ya samaki wa kuuza. Samaki waliharibika. Mama alirudi juu ya lori la makala, amekuwa mweusi kama mzigo wenyewe, akasema:

— Ikichemka tena na miye ndani, tunaiuzisha.

Papa alikwenda kwa tonton Sylvain, mdogo wake Mama, anayeuza vipuri sokoni, akarudi na vipimo viwili vipya: kimoja cha mafuta, kingine cha joto.

Mungemuona Papa siku ile! Alichukua ubao wa droo ya kabati iliyovunjika, akachora miviringo miwili kwa kompa yangu ya shule, akakata, akapiga msasa, akapuliza vumbi, akapiga msasa tena, mpaka vipimo vikakaa mle kama mboni ndani ya jicho. Ubao ule aliufunga chini ya tablo, yaani dashibodi, mbele ya usukani, kwa vibanio, bila kutoboa chochote.

— Tablo ya muzee haitobolewe, alisema, kana kwamba babu alikuwa amekaa kiti cha nyuma anasikiliza.

Kipimo cha joto kilikuwa na mkia: mrija mwembamba wa shaba, mrefu kunishinda, na mwishoni kidonge cha kuzamishwa kwenye maji ya injini.

— Huu mukia ukikunjika, imekufa. Usiguse.

Kumwambia mtoto wa Lubumbashi, mji wa shaba, asiguse shaba! Papa alipoingia ndani kunywa maji, nilitaka tu kujua kama kipimo kinasema kweli. Kitu cha moto kilichokuwa karibu kilikuwa chakula chetu cha mchana. Nikachomoa kipimo ubaoni, nikakibeba hadi kwenye sufuria, nikazamisha kidonge. Sindano ikapanda vizuri, ikapanda, kisha ikasimama kwenye nyuzi tisini na sita. Shuleni walisema maji huchemka kwenye mia, na hapa kifuniko cha sufuria kinarukaruka kwa mvuke!

— Papa! Tonton amekuuzishia kitu ya bongo, ya kudanganya!

Tonton Sylvain, aliyekuja kula tu, akasimama na karanga mdomoni.

— Weye katoto, unajua nini? Hii inatoka Ulaya!

— Eh! Mama akapiga kelele. Ni nini iko mu samaki yangu?

Nilijificha nyuma ya Papa, mahali pabaya kabisa pa kujificha siku hiyo. Lakini hakunipiga. Alichuchumaa kando ya mbabula, akatazama sindano, akatazama sufuria. Akaomba birika ya maji matupu, akangoja yachemke, akazamisha kidonge. Sindano ikasimama palepale. Tonton alikuwa ameshaanza kuapa kwa kichwa cha mama yake. Papa akacheka polepole.

— Sindano haidanganye. Siye njo tuko juu. Huku kwetu maji inachemka mbele ya kufika mia.

Akatueleza: mji wetu uko juu sana kuliko bahari, na kifuniko cha radiyeta ya babu hakibani tena mvuke. Angengoja mia, maji yangekuwa yanacheza ngoma zamani. Akachukua rangi nyekundu ya kucha za Mama, bila kuomba, akachora mstari juu ya kioo cha kipimo, chini kidogo ya tisini na sita.

Wiki iliyofuata tulikwenda Kasenga. Mama alikaa mbele, mkoba magotini, anaangalia sindano kama mtu anayelinda mwizi. Ilipokaribia nyekundu, Papa alisimama, akafungua boneti, tukala mikate, tukaendelea. Wakati wa kurudi, Mama ndiye aliyeamuru.

— Papa Trésor, simama.

— Bado kidogo.

— Nasema simama!

Trésor ni mimi, na nilicheka mpaka nikapigwa kofi na mkono wa Mama, ambaye hakugeuka hata kunitazama. Samaki walifika wazima.

Nilidhani Papa ameponya gari. Kumbe hakuponya chochote. Joto lilikuwa lilelile. Alichofanya, nimekuja kukielewa juzijuzi tu, ni kuliweka joto lile mahali ambapo Mama angeweza kuliona, ili asikae tena mle ndani akingoja moshi. Nami namheshimu kwa hilo, ingawa usoni sitamwambia.

Tulipoingia uani, Papa alizima injini, mikono bado kwenye usukani, anangoja hukumu ya gari ya baba yake. Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika usukani wa chochote, alishuka, akafunga mlango taratibu, akainama dirishani:

— Safari ingine, miye njo nitaendesha. Weye utaangalia sindano.