Maji ya Kuoshea Usipa

Nimeitwa mjasiriamali kwenye semina nyingi mpaka neno lenyewe limenichosha. Afisa maendeleo ya jamii, dada mwenye moyo mzuri aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, hupenda kutusimamisha mbele ya wageni na kusema, "Hawa ndio akina mama wanaoleta mabadiliko." Tunapigiwa makofi, tunapigwa picha, tunapewa soda. Halafu tunarudi ufukweni Lituhi, na mabadiliko tunayakuta palepale tulipoyaacha, yanataka kugeuzwa juani kabla mvua haijanyesha.

Mabadiliko yetu yalikuwa chanja. Usipa, dagaa wa ziwa letu, tangu zamani huanikwa mchangani, na anayewala hula na ufukwe kidogo. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyechoka kwanza. Alisema si vizuri kuwauzia mchanga watu tunaosali nao. Tukakata nguzo, tukatandaza nyavu juu yake, tukaanza kuanika hewani, samaki wakatoka safi mpaka wanang'aa. Kikundi kikanipa mimi uenyekiti kwa sababu ni Mmatengo niliyeolewa ziwani. Soko letu lilikuwa Mbinga, na Mbinga ni kwetu.

Mbinga wakawakataa.

Hawakukataa kwa matusi. Mama anayetuuzia pale sokoni alisema tu kwamba wateja wananunua mara moja, hawarudi. "Wanasema hawana ladha," aliniambia kwenye simu. "Wanasema hawa si wa ziwani, mmewatoa kwingine." Magunia yakaanza kurudi. Tukala wenyewe, tukawagawia majirani, na kila aliyeonja alilamba vidole. Sasa ladha ilikuwa inashukia wapi, pale Kitai tunapobadilishia basi? Nilimuuliza wifi hivyo kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye dereva wa basi.

Mwishowe wanakikundi waliniita wakaniambia bila kuzunguka. Safari hii usipa wasipouzika, chanja zinapasuliwa kuni na kila mtu anarudi mchangani kwake. Sikubishana. Nilikuwa nimechoka na vikao, nimechoka kuwaambia wanawake wenye watoto wavumilie. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini hakuna anayesema huyo mvumilivu anakula nini wakati anasubiri.

Nikajitwisha gunia dogo la usipa nikajionee wanavyoliwa kwetu, nikapanda basi hadi Kitai, nikasubiri jingine huku nikila vumbi la malori ya makaa ya mawe, nikafika kwa mama yangu mlimani jua linazama. Ulikuwa msimu wa ngoro, kilimo chetu cha mashimo mlimani. Wanaume walikuwa wameshafyeka na kulaza majani shambani kwa mama, na kesho yake wanawake majirani walikuwa wanakuja kuchimba mashimo na kuyafukia majani yale kwa udongo. Mama ndiye angewalisha. Nikamkabidhi usipa, nikalala.

Asubuhi nilimkuta uani na beseni. Alikuwa amewamwagia usipa wangu maji ya moto, amewaacha wakalowa, sasa anawasugua kwa viganja viwili kama anafua soksi. Akamwaga maji, akaweka mengine, akasugua tena. Maji yaliyokwenda kwenye shina la mgomba yalikuwa mazito kama mchuzi, na yalinukia vizuri kuliko samaki waliobaki.

"Mama, unafanya nini?"

"Si ninaosha."

"Hawana mchanga hao."

"Usipa wasio na mchanga?" Akanitazama kwa huruma. "Ziwa limekupotosha, mwanangu. Tunaosha mpaka maji yatulie meupe."

Nilikaa chini palepale. Nilicheka, halafu nikataka kulia. Milima yote hii, jiko hadi jiko, wanawake waliofundwa na mama zao walikuwa wanaosha mchanga ambao haupo na kumwaga ladha ya samaki. Wale wa mchangani walikuwa wagumu, walistahimili kusuguliwa; hawa wetu laini waliyeyukia majini. Semina zote zile zilitufundisha kuanika. Hakuna aliyekuja kumwambia mama asioshe.

Nusu ya gunia ilikuwa bado. Nikamwomba awapike hivyohivyo, awapepete tu. Akakataa katakata. Mwanamke anayewalisha watu wa ngoro mchanga, alisema, atasemwa mpaka siku anazikwa, na padri mwenyewe atakuwa ameshasikia.

"Mama, hawa wasipoliwa leo, sina cha kurudi nacho kule. Chanja zitapasuliwa. Nimechoka, mama."

Aliwachukua waliobaki, akawakaanga kwa nyanya na kitunguu, mkono unasita kila anapogeuza mwiko.

Mchana wanawake walitoka shambani na udongo mpaka magotini, wakanawa, wakakaa. Kabla hawajanyoosha mikono, mama akasema, "Hawa usipa hawajaoshwa. Ni wa mwanangu. Naanza mimi."

Akamega ugali, akachota, akaanza kutafuna polepole kwa meno yake machache ya nyuma. Macho yote yalikuwa kwenye taya lake. Alitafuna muda mrefu, akisikilizia mchanga. Haukuja.

"Kuleni," alisema.

Walikula mpaka sufuria ikafutwa kwa ukoko. Mmoja akauliza wanauzwa wapi. Nikatoka nyuma ya nyumba, penye mtandao, nikampigia wifi.

"Wifi, msipasue chanja. Nimejua tatizo, nitakueleza."

"Tumeshapasua, wifi. Walianza jana, ulipopanda basi tu. Kuni zimezagaa kila mahali."

"Zote?"

"Imebaki moja. Ile ya kwangu. Niliilalia."

Nilirudi uani. Nilijisikia kama nimebeba mlima ule wote. Mama alikuwa ameniwekea sahani pembeni, amenifunikia.

"Wanasemaje huko?"

"Imebaki chanja moja."

Alifikiri kidogo huku akijifuta mikono kwenye khanga.

"Basi mtaanikia hiyo," alisema, akafunua sahani na kunisogezea. "Kula kwanza."