Kompyuta Iliyohamia Kitete

Nilirudi Tabora kutoka kozi ya Dar es Salaam nikiwa mtu mwingine. Nilikuwa nimesoma kompyuta kwa wiki chache, na treni ilipofika Dodoma hapakuwa na abiria katika behewa letu ambaye hajaambiwa. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Ujamaa. Sukari ilikuwa kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi na sabuni ilikuwa kwa foleni, na watu waliowahi kuiona kompyuta kwa macho walikuwa wa kuhesabika. Mimi nilikuwa nimeigusa. Nilishuka kituoni na suti yangu ya Kaunda, begi mkononi, nikitembea polepole ili nionekane vizuri.

Mradi wetu ulikuwa wa ufugaji nyuki. Ofisi ilikuwa katika nyumba ya zamani karibu na soko, na kompyuta yenyewe, msaada wa watu wa nje, ilikuwa imewekwa chumba cha ndani ambako paa halikuvuja sana. Wenzangu waliniita Mtaalamu. Nadhani walianza kwa utani, lakini mimi niliitika kwa dhati.

Aliyekuwa haniiti hivyo ni mpiga chapa wetu. Alikuwa mama wa mjini hasa, wa ukoo wa Kiislamu uliokaa Tabora tangu enzi za misafara. Kila asubuhi alivua buibui lake, akalitundika msumarini, akaketi mbele ya taipureta yake nyeusi kama mtu anayeketi mbele ya jiko lake mwenyewe. Hakuwa mpole na hakujidai kuwa mpole. Barua ikiwa na Kiswahili kibovu aliirudisha hata kama ni ya mkuu wa mradi. Siku niliporipoti kazini nilimpa shikamoo, kisha nikamweleza, mbele za watu, kwamba sasa taipureta yake ijiandae kwenda makumbusho. Aliitika marahaba. Hayo mengine aliyaacha yapite.

Mvua za mwaka ule zilipozidi, tukapewa jengo lingine Kitete, njia ya kwenda hospitali. Meza, makabati na mizinga ya maonyesho vilihamishwa kwa mkokoteni bila maneno. Kompyuta ilikuwa habari nyingine. Wachukuzi wa sokoni walisema wataipeleka kichwani, safari moja tu, haitatikisika. Mpiga chapa akawaunga mkono. Alisema babu zao Wanyamwezi walibeba vioo vya biashara kichwani mpaka Ujiji na vikafika vizima. Nikawaeleza, kwa sauti ya darasani, kwamba kioo cha kujitazamia na kioo cha kompyuta ni vitu viwili tofauti.

Niliifunga mwenyewe. Kioo nilikizungushia blanketi langu la kulalia, nikalikaza kwa kamba ya katani, nikaivuta tena mpaka fundo likalia. Kasha la mashine nalo nikalifanya hivyo hivyo. Kisha vyote viwili nikavilaza juu ya godoro nyuma ya pikapu, nikavifunika kwa shuka jeupe kwa ajili ya vumbi. Nikapanda nyuma, nikapiga magoti, mikono yote miwili juu ya shuka. Dereva nilimwamuru aende mwendo wa kinyonga, na makarani wawili watembee kando, huku na huku, wakishikilia ubavu wa gari.

Wakati nakata shauri hayo yote niliona ni utaalamu. Sikuona kile walichokiona watu wa barabarani.

Tulipofika msikitini, watu walikuwa wanatoka kuswali adhuhuri. Wakaona gari linalotambaa, shuka jeupe, mtu amepiga magoti ameinama, na vijana wawili wanatembea kimya. Wakavaa viatu haraka wakatufuata. Wenye maduka wakasimama vibarazani. Mpanda baiskeli akashuka, akaikokota. Mzee mmoja wa Kiarabu, mfanyabiashara niliyemfahamu kwa sura tu, akaushika ubavu wa pikapu akatembea nasi muda mrefu. Mwishowe akaniuliza kwa upole kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke.

Nikamjibu, “Ni kompyuta, mzee.”

Nadhani alilichukua kuwa jina la mgeni fulani kutoka nchi za mbali, kwa sababu alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema Mungu ampe kauli thabiti, akaendelea kutembea. Nilipaswa kumweleza vizuri. Lakini nyuma yake walikuwa wamejaa barabara nzima, na sikujua ningeanzia wapi. Basi nikainamisha kichwa zaidi, na hilo likazidi kuwathibitishia.

Walijua kilichomo tulipofunua shuka na kufungua blanketi getini Kitete. Halafu mmoja akacheka, wengine wakamfuata, na yule mzee akasema, bila hasira, kwamba aliacha chakula mezani. Walitawanyika. Mkuu wetu wa mradi, aliyekuwa mlangoni, aliniuliza kama kozi ya Dar es Salaam ilifundisha na hayo.

Hayo yangesahaulika kama mashine ingewaka.

Niliipanga mezani, nikaunganisha nyaya, nikachomeka disketi, nikawaita wote waje waone. Nikabonyeza swichi. Feni ya ndani ikavuma. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Kioo kikabaki cheusi kama sufuria ya maharage.

Nikazima nikawasha. Nikazima tena, nikasubiri, nikawasha. Cheusi. Nikasema ni umeme, maana lawama za mwanzo katika mji wetu zilikuwa zake daima. Akaitwa fundi wa umeme, akachomeka birika kwenye soketi ile ile, maji yakachemka, tukanywa chai bila sukari. Nikasema ni nyaya. Nikazichomoa zote, nikazipuliza, nikazirudisha. Nikasema ni vumbi. Nikasema ni zile reli tulizozivuka, ingawa tulizivuka polepole kiasi kwamba kuku walitupita. Mwisho nikasema ubongo umetikisika, na kwamba lazima niipasue.

Nilifungua kasha mbele ya mkuu. Kozini tulifundishwa kuvikandamiza vibao vya ndani mahali pake, kwani safari huvilegeza. Nikavikandamiza kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vimekaa vizuri. Nikafunga, na mezani zikabaki skrubu ambazo sikuzijua kwao ni wapi. Nikazitia mfukoni kabla mtu hajauliza. Nikawasha. Feni, taa, weusi. Nikaanza kugonga vitufe vya herufi, kwanza kwa mpango, baadaye kwa kiganja.

Hapo ndipo mkuu alipokumbusha kwamba wageni wa wizara wangefika kesho yake, na kwamba ripoti ya mwaka ilikuwa ndani ya mashine. Akaniomba nimpe basi ile rasimu niliyoiandika kwa mkono, ipigwe chapa.

Rasimu nilikuwa nimeichana. Niliichana mwenyewe, juma lililopita, mbele ya ofisi nzima, nikitangaza kwamba zama za karatasi zimekwisha.

Mkuu hakugomba. Alinitazama kidogo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa akanitazama tena. Kisha akamgeukia mpiga chapa na kumwomba, kwa heshima ambayo sijawahi kuipata mimi, kama angeweza kusaidia.

Tukakaa wawili, mimi nikisema na yeye akipiga. Niligundua kwamba ripoti niliyojivunia sikuikumbuka. Nilikumbuka sentensi nzuri nzuri, za kuhusu taifa na maendeleo, lakini mizinga ya kijijini Puge na matatizo ya nta vilikuwa vimeniponyoka. Tulilazimika kuwaita mabwana nyuki, maofisa ugani wa mradi, mmoja mmoja waje waseme wenyewe. Walisema kwa kifupi, na yeye akapiga walivyosema. Sentensi zangu kuhusu taifa alizisikiliza, mikono juu ya vitufe, bila kupiga. Nilipomaliza alikuwa akiuliza, “Na asali je?”

Alasiri, akibadilisha utepe wa wino, aliniuliza jambo bila kunitazama.

“Mashine yako ikipona, mwanangu, mimi nitakaa wapi?”

Tangu nirudi nilikuwa na jibu kwa kila kitu. Nilijua kueleza kumbukumbu ya mashine, nilijua kueleza disketi. Hilo sikuwa nalo. Nikamwambia sijui, mama. Akamaliza kubana utepe, akajifuta vidole, akaniambia nitaje aya inayofuata. Nilijisikia mdogo kuliko nilivyojisikia mbele ya waumini wale wote.

Ripoti ikaisha kabla ya jua kuzama. Ilikuwa fupi na ilieleweka. Wenzangu walikuja kuisoma, na wakati huo huo wakanipa pole za mashine, wengine wakijikaza wasicheke. Nikainuka niifunike ile kompyuta. Kioo kilikuwa kimejaa alama za viganja vyangu, nikaona angalau nikifute. Nikakishika kwa mkono mmoja pembeni ili kisiteleze, nikafuta kwa leso. Kidole gumba kikasukuma kigurudumu kidogo kilichojificha ubavuni.

Maandishi ya kijani yakaanza kupanda kutoka kwenye giza.

Mashine ilikuwa nzima. Ilikuwa imewaka mchana kutwa. Kile kigurudumu ni cha kuongeza na kupunguza mwanga, na blanketi langu lililokazwa kwa kamba ya katani ndilo lililokizungusha mpaka mwisho. Siku mwalimu alipoeleza vitu vya pembeni mwa kioo, mimi nilikuwa Kariakoo kwenye foleni ya sabuni.

Kilichoniumiza zaidi ni yale maandishi. Kompyuta za wakati ule, zikiwaka, huuliza kwanza leo ni tarehe ngapi. Yangu ilikuwa imeuliza. Mimi, gizani, nikajibu kwa kiganja. Ikanijulisha kwamba hiyo si tarehe, ikauliza upya. Nikaigonga. Ikauliza upya. Kioo kizima kilijaa mazungumzo yetu, yeye kwa adabu na mimi kama mlevi.

Mkuu akaja mbio, akauliza imeponaje. Nikamweleza kwamba vyombo hivi vikisafirishwa huhitaji kupumzika. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Alifurahi sana. Kesho yake aliwaeleza wageni wa wizara jambo hilo hilo, nao wakaitikia kwa vichwa, na mmoja akaandika.

Mpiga chapa alikuwa amesimama nyuma yangu tangu nilipoanza kufuta. Alikiona kidole gumba. Hakusema kitu mbele ya mkuu, wala mbele ya wageni. Juma lililofuata alivuta kiti chake akaja kukaa kando yangu, buibui likiwa bado mwilini, akasema anataka kujifunza. Nikakohoa, nikaanza na historia ya kompyuta duniani.

“Historia utanipa siku nyingine,” akasema. “Anza na kile kigurudumu.”

Nikaanza na kigurudumu. Yeye alipiga kwa vidole kumi bila kutazama, mimi kwa viwili nikitafuta kila herufi, kwa hiyo haikuchukua muda mrefu mpaka mkuu akaona ni busara tubadilishane viti. Barua za mabwana nyuki zikawa zinaingia kwake moja kwa moja. Mimi nilipewa kazi ya kuzunguka vijijini kwa baiskeli, kuhesabu mizinga na kumletea takwimu. Nikimletea sentensi kuhusu taifa, alinirudishia.